Chuma Kilichojifunza Matanga

Ndege iliyoitwa Kozi haikuangushwa na upepo, wala na kunguru aliyeingia kwenye panga la injini, wala na rubani aliyeonja kitu asubuhi. Hayo matatu yalisemwa yote kabla vumbi halijatua, maana watu wa Ufipa, kama watu wa kwingineko, hupenda ajali iwe na mwenyewe. Anayetaka kubisha na avumilie kidogo. Ubishi hauozi.

Skolastika fundi aliiona tangu ilipochomoza juu ya ukingo wa bonde. Alikuwa katikati ya kiwanja cha Chipombe akifukuza mbuzi kwa kanga, kazi ambayo nayo ilikuwa sehemu ya ufundi wa ndege, ijapokuwa vitabu vya ufundi vilisahau kuitaja. Aliisikiliza injini. Ilikuwa inaimba vizuri, haina kikohozi. Akajua shemeji yake atashuka na kejeli mpya mdomoni. Desideri rubani, mdogo wa mume wake, hakuwahi kukanyaga ardhi bila kumchokoza. Safari ya mwisho alikuwa amemwambia kwamba akiendelea kukaza nati kwa huruma ile anayomkazia kaka mtu, iko siku abiria watashuka kabla ya ndege.

Siku hiyo Kozi ilikuwa imebeba jeneza. Bibi mmoja wa Chipombe alikuwa amefia mjini hospitalini, na mabinti zake wawili walikuwa wanamrudisha nyumbani. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekwisha kujipanga pembeni mwa kiwanja, kanga viunoni, wakingoja. Ndege ilipopinda ili ishuke, wakaiona, wakafungua kilio. Nao mabinti kule juu, kama walivyosimulia baadaye, waliona paa la nyumba yao na mti wa mama yao, wakaangua kilio chao ndani ya ndege.

Ndipo bawa la kushoto lilipoinama. Halikuvunjika. Liliinama taratibu, kama mwanamume anayevua kofia akifika msibani. Kozi ikalala ubavu hewani, ikapita juu ya kichwa cha Skolastika kwa upepo uliomwangusha kifudifudi pamoja na mbuzi wawili, ikajichomeka kwenye shamba la mtama.

Mabinti walitolewa wakiwa hai, mikono imevunjika. Jeneza halikupata hata mkwaruzo. Bibi yule alizikwa jioni ileile kama ilivyopangwa, na gari lililokuja kumchukua yeye kutoka kiwanjani likamchukua Desideri, likampeleka mjini akapimwe kilichomuua, kana kwamba kilikuwa hakionekani.

Habari ilipofika nyumbani kwa Kresensia, mke wa marehemu, alipiga kilio kimoja tu, kirefu, cha kupasua anga. Anselmi, mume wa Skolastika, alikuwa zizini jirani akisuka kamba. Akaanguka pale pale kama gunia. Wanawake walimkimbilia, hata Kresensia mwenyewe akanyamaza kwa mshtuko, na ua mzima ukawa kimya. Katika kimya kile Anselmi akafumbua macho. Alisema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumpigia magoti mdogo wake, na asingependa izoeleke. Watu walisema ni uchungu wa damu. Wakampeleka zahanati ya misheni, juu mlimani, apumzike mpaka mwili urudi na kilio rasmi kifunguliwe.

 Skolastika alimtazama mume wake alivyoanguka, kisha akakumbuka bawa lilivyoinama, na kitu kama buibui kikamtembea mgongoni.

*

Kiwanda kilichowauzia chuma kilimtuma Injinia Tusajigwe, msichana wa Rungwe mwenye maneno machache na viatu vilivyochakaa kwa kazi, si kwa umaskini. Hakuja kutafuta wa kumlaumu. Alikaa kwenye mabaki ya Kozi toka asubuhi hadi jua likawa utosini, akatoka na pini ya nguzo ya bawa la kushoto, akaiweka mezani mwa Skolastika.

Walitazamana juu ya pini ile. Pini iliyokatika huwa na meno. Hii haikuwa na meno. Ilikuwa imerefuka, imelainika katikati, kama utomvu wa mti uliovutwa kwa vidole viwili. Kama mkono uliofunguliwa kwa hiari.

Hapo zamani Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu kuliko nyumba zao, na fundi hakulala kwake mpaka chuma kishuke. Wajukuu wao hawakiyeyushi tena, wanakipika. Chuma hai huhitaji chungu, kutu, chumvi ya bondeni, joto la wastani, na chachu. Chachu hiyo ndiyo inayoitwa mama. Ukichota kijiko kimoja kwa mama, ukakitia katika udongo uliofinyangwa umbo la pini, hukua mpaka kikawa pini. Lakini hubaki mtoto wa mama yake, na watoto wote wa mama mmoja huambizana. Mmoja akiota ufa akauziba, mama hujua, na wengine hujifunza kuuziba kabla haujawafika. Kukipasua ni kukielimisha. Kikibebeshwa mzigo hukaza. Kikipumzishwa hulegea, hupumua, hujiunga upya. Kwa hiyo kitabu cha kiwanda kilidai kwamba kila baada ya muda ndege ipumzishwe kabisa, isiguswe.

Sasa, nani katika Chipombe ana siku ya kupumzisha ndege, wakati mahindi yanangoja mbolea na wajawazito wanangoja daktari? Skolastika alitumia akili ya nyumbani. Kwao mtu akifa hakuna anayeshika kazi. Kilio kikisikika, aliye na jembe huliweka chini, aliye na mchi huuegemeza kinuni, na mwenye kesi huiahirisha. Wachimba kaburi peke yao ndio hushika chuma, nao huko makaburini, mbali na kilio, na majembe yao huoshwa kabla hayajarudi nyumbani. Ndege ingeruka siku kama hiyo kumpeleka nani? Basi kila palipotokea msiba Skolastika alilifunika panga la Kozi kwa kanga, akaiacha ndege ipumzike. Miaka ilipita hivyo. Kozi ilikuwa imefiwa mara nyingi kuliko mjane yeyote bondeni.

Na chachu haikukaa ndani ya Kozi peke yake. Kijijini hapo, jirani akija na kigae kuomba moto hanyimwi, na akija kuomba chachu ya togwa hanyimwi; sembuse chachu ya chuma. Mafundi wa daraja la bondeni walikuja na kikombe, wakapewa. Wenye kisima walikuja, wakapewa. Na hivi karibuni tu, daktari wa misheni alipokuja na kichupa, akasema anataka kutengeneza kilango cha moyo kwa ajili ya mgonjwa mmoja ambaye chake kimechoka, Skolastika hakumpa kijiko kimoja, alimpa viwili. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Anselmi.

Injinia alikuwa na kinasa sauti cha ndege. Alining'iniza jiwe kubwa kwenye fimbo ya chuma hai, mtoto wa mama yule yule, akawasha sauti ya dakika za mwisho za Kozi. Kilio cha mabinti kikajaa karakana. Fimbo haikutikisika. Akarudia. Jiwe lilining'inia kama lililosahauliwa. Injinia akakuna kichwa, akasema kwa upole kwamba alifikiri sauti ndiyo sababu, kumbe amekosea, na mkono wake ulikuwa unakwenda kuzima wakati kinasa kilipofika mwisho. Chini ya kilio cha mabinti ikatoka sauti ya Desideri, tulivu kama ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Shemeji, pini yako imelala. Kaiamshe."

Tangu ajali itokee Skolastika hakuwa amelia. Alikuwa na mabaki ya kupanga, na maswali ya kujibu, na mume wa kumpelekea uji. Sasa kilio kikamtoka bila kumwomba ruhusa, kikapiga bati la karakana. Na fimbo ya chuma ikalegea kama ulezi uliopikwa. Jiwe likaanguka, sakafu ikapasuka.

Injinia Tusajigwe alilitazama jiwe, akamtazama Skolastika aliyekuwa akilia, akaelewa kwamba chuma kinajua kilio cha kweli na hakidanganyiki kwa cha kwenye mashine. Alichokuwa hajaelewa ni kwa nini. Skolastika akamweleza habari ya kanga juu ya panga. Alipomaliza, Injinia alikaa juu ya sanduku la vyombo na kufunika uso kwa viganja.

Kisha alisema alichotumwa kusema. Chuma kikijifunza ubaya, amri ya kiwanda ni moja, kummwagia mama tindikali. Mama akifa, watoto wote hugeuka chuma cha kawaida, kisichosikia wala kujifunza. Pini itakaza milele. Daraja litasimama. Alilisema kama habari njema, na kwa watu wengi ingekuwa hivyo.

"Na kile ambacho kazi yake ni kufumba na kufumbua?" Skolastika aliuliza.

"Kitu gani hicho, mama?"

"Moyo wa mume wangu."

 Injinia alisema anaweza kulifunga daraja kwa kamba na kisingizio, lakini si zaidi ya kesho jua likizama. Alizungumza akitazama viatu vyake. Watoto wa shule hupita juu ya daraja lile, alisema, na bonde halikosi msiba.

*

Zahanati ya misheni ilikuwa peke yake mlimani, hakuna kilio kinachofika huko ila cha watoto wanaochomwa sindano, nacho, Mungu ni mwema, chuma hakikihesabu. Anselmi alikuwa amekaa kitandani akimfundisha mgonjwa mwenzake namna ya kupima umri wa ng'ombe kwa kumwangalia machoni. Huko nyuma alikuwa mfanyabiashara wa punda na ng'ombe, na hakuna uongo wa mnadani ambao hakuwahi kuusema au kuununua.

Skolastika alimtoa nje, wakakaa kwenye benchi, akamweleza yote bila kuzunguka. Alimweleza pia alilokuwa akiliwaza njia nzima. Angeweza kumficha mama. Angemwaga tindikali kwenye chungu cha kutu tupu, Injinia akaona moshi akaridhika. Kisha angemchukua mume wake wahamie porini, mahali pasipo jirani wa kufa. Wangeishi.

Anselmi alisikiliza akichokonoa jino. Mwishowe akasema, "Kumbe moyo wangu umefunzwa adabu kuliko mimi mwenyewe."

"Usinichekeshe. Sina nafasi."

"Sikuchekeshi. Na daraja?"

 Daraja ndilo lililomzuia kumficha mama mpaka sasa. Kila alipouona mkono wake ukinyanyua chungu aliona pia basi la asubuhi, na wanawake wakipita pembeni na maiti yao, na nguzo zikivua kofia.

 Halafu Anselmi akauliza kama anamkumbuka yule punda wa kijivu aliyenunuliwa kule Mbozi, mwenye tabia ya kulala mtoni. Skolastika akasema anamkumbuka, mjinga yule, alama ya teke lake anayo mguuni mpaka leo. Mwenyewe wa kwanza wa punda yule alikuwa na desturi ya kumtua mizigo kila akifika maji. Punda akahitimisha kwamba maji maana yake ni kulala.

"Tulimpiga nyumbani, akawa mzuri nyumbani," Anselmi alisema. "Mtoni akalala. Punda wa kulala mtoni hafundishwi nyumbani, mke wangu. Hupelekwa mtoni, na mzigo mgongoni, na hashushwi mpaka avuke."

Skolastika alielewa kabla hajamaliza, akatamani asingeelewa. Chuma kilifundishwa matanga msibani. Kingesahaulishwa msibani tu, kwa kufanyishwa kazi wakati kilio cha kweli kinalia. Na msiba ulikuwepo. Mwili wa Desideri ungefika kesho.

"Nigonge nyundo katika kilio cha Desideri," alisema polepole, akiyasikiliza maneno yenyewe. "Mbele ya Kresensia."

"Watakusema. Lini walikosa la kusema?"

"Nikimwambia kwanza?"

Wakatazamana, wakajibu swali hilo pamoja bila kufungua mdomo. Kresensia alikuwa na moyo mweupe. Akijua kilio chake kinamuua shemeji yake, angekimeza. Angelia kwa adabu, kwa kipimo, na kilio cha kipimo ni kama kile cha kwenye mashine, chuma hakina habari nacho. Jua lingezama, tindikali ingemwagwa. Ili mume wake apone, ilibidi mjane alie bila kujua, na atukanwe machoni pa watu wakati analia.

"Basi wewe ubaki huku huku," Skolastika alisema. "Nikishindwa, usisikie."

Anselmi alikataa. Alisema kwamba hatakimbia mazishi ya mdogo wake kwa kisingizio cha afya, na kwamba mzigo mgongoni ni yeye. Mama asipokuwa na mzigo atajifunza nini? Skolastika akamkumbusha kwamba nyundo ikishindwa atakufa pale pale, mbele ya umma.

"Nitakuwa nimefika mapema," alisema. "Wengine huchelewa mazishi."

*

Asubuhi Skolastika aliweka fuawe lake la kugongea chuma nyuma ya turubai la waombolezaji, na karibu yake chungu cha mama kilichofunikwa kanga. Watu walidhani ni pombe ya wazee, wakampisha kwa heshima. Kutoka mdomoni mwa chungu alikuwa ameotesha mtaimbo mwembamba wa chuma hai, haujakatwa kitovu, akaulaza juu ya fuawe. Injinia alisimama kwenye kona ya nyumba, dumu la tindikali miguuni. Anselmi alikuwa kwenye kiti cha uvivu mstari wa mbele, amevaa koti lake la mnada, anawauliza watu habari za mvua.

Gari likaingia. Jeneza likashushwa. Kresensia, ambaye tangu juzi alikuwa amekaa kama jiwe kwenye mkeka, aliliona, akasimama, na kilio kikafunguka.

Aliyekuwa anapasua kuni aliweka shoka chini. Aliyekuwa anakoroga sufuria aliuacha mwiko ndani yake. Wanaume wakavua kofia. Kila kitu kilisimama, kama kilivyosimama kwa mababu, na chini ya kanga chuma nacho kikaanza kusimama. Skolastika aliuona mtaimbo ukilegea, ukifuata umbo la fuawe kama nyoka anayeota jua. Akanyanyua nyundo.

Pigo la kwanza lilisikika kama tusi.

Watu waligeuka. Pigo la pili, la tatu. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama huyu mwanamke ameingiliwa na nini. Mwingine akajibu kwamba ufundi ukizidi hula ubongo. Akina mama wa kanisani wakaanza kumsogelea kwa ile sauti ya kubembeleza wendawazimu. Skolastika aliendelea. Chini ya nyundo chuma kilikaza kidogo, kikalegea, kikakaza, kama mtu anayeamshwa na hataki. Kwa pembe ya jicho alimwona Anselmi. Rangi ya uso wake ilikuwa ya majivu, lakini kidole chake kilikuwa kinapiga goti sawasawa na nyundo.

Kresensia aliacha jeneza, akaja mpaka mbele ya fuawe. Alikuwa mwanamke mdogo, na alikuwa ameongezeka kimo.

"Dada," alisema. "Uliishika ile ndege kwa mikono hiyo hiyo. Leo hata kumpumzisha huwezi?"

Skolastika alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lingemsafisha mbele ya watu wote, na lingemuua mume wake. Alilimeza, akapiga nyundo. Kresensia alimtazama akipiga, na uchungu uliokuwa ndani yake ukapata hasira ya kuupandisha juu. Akarudisha kichwa nyuma akalia kilio ambacho hata ng'ombe zizini walikigeukia. Hakikuwa na kipimo chochote. Mtaimbo ukalainika kama ugali wa maji. Anselmi aliinama mbele. Skolastika alipiga kwa mikono miwili, bega likiwaka, akihesabu pumzi ya mtu mmoja pigo hadi pigo, na polepole, ndani ya kilio kile kile, chuma kikaanza kukaza. Kikakaza. Nyundo ikaanza kurudi juu yenyewe. Kidole cha Anselmi kikarejea gotini. Punda alikuwa katikati ya mto na mzigo wake, anatembea.

Hapo ndipo chungu kilipolia.

Hakuna aliyekitarajia, wala Injinia, ambaye alikuwa amesoma yote yaliyoandikwa. Kilio kilitoka chini ya kanga, chembamba, kirefu, cha kupasua anga. Kilikuwa kilio cha Kresensia cha siku ya habari, kile kile, na pumzi yake na kukatika kwake. Mama alikuwa amekisikia kwa sikio la kilango kidogo kilichomo kifuani mwa Anselmi, akakiweka. Miaka yote alikuwa anajifunza kunyamaza msibani. Sasa aliyenyimwa kupumzika alikuwa amejifunza nusu iliyobaki, kulia mwenyewe.

Na Skolastika alikuwa mtoto wa watu. Mama yake alimfundisha maana ya kilio kabla hajamfundisha kushika kijiko. Kabla hajafikiri, mkono wake ulishuka wenyewe, ukaiweka nyundo chini.

Anselmi aliteleza kutoka kitini. Koti la mnada likafuata.

Watu walimkimbilia tena kama juzi. Kresensia hakukimbia. Alisimama pale akisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka katika chungu, akamtazama mtu aliyelala, akaitazama nyundo iliyolala. Juzi alilia, huyu akaanguka. Alinyamaza, huyu akaamka. Leo alilia na nyundo ikigongwa, huyu akakaa. Nyundo imewekwa, ameanguka. Alimtazama Skolastika, ambaye alikuwa anahangaika kunyanyua mkono uliokuwa umegeuka gogo, na ambaye usoni hakuwa na tusi lolote, hofu tupu.

Hakuacha kulia. Hakuweza, na hakuna aliyewahi kuweza kwa kuamriwa. Machozi yakimchuruzika, sauti yake na sauti ya chungu zikipishana, aliinama.

"Nipe," alisema. "Mkono wako umechoka."

Akaishika nyundo kama anavyoshika mchi, akapiga. Alilia akapiga, akapiga akilia. Tangu chuma kitoke ardhini katika nchi ile hakuna mjane aliyewahi kufanya hivyo siku ya mume wake, na hakuna mzee aliyethubutu kumkataza. Mwenye shoka alilitazama shoka lake. Mwenye mwiko aliukumbuka. Mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa, wakashika. Kuni zikapasuka, michi ikadunda, na katikati ya mdundo huo Skolastika alikuwa amepiga magoti, sikio kifuani kwa mume wake.

Kilango kilifumba. Kikakaa kimefumba. Kisha, kama mlango wa mtu asiyetaka wageni, kikafumbuka.

"Desideri anasemaje?" Skolastika alimuuliza alipofumbua macho, maana alihitaji kusema kitu chochote.

"Anasema hukazi nati," Anselmi alinong'ona.

*

Jua lilipozama Injinia Tusajigwe alining'iniza jiwe lake kwenye mtaimbo, karibu kabisa na mkeka wa mjane, na jiwe halikushuka. Alilifungua daraja. Dumu hakulifungua, lakini pia hakuondoka nalo. Alilisukuma chini ya meza ya karakana, akamwambia Skolastika, kwa heshima zote za mtoto kwa mama, kwamba siku bonde litakapokosa mtu wa kushika nyundo, ajue lilipo.

Tangu hapo, ukipita Chipombe ukakuta msiba, utasikia kilio na chini yake utasikia nyundo. Wageni husema watu wa huko wana roho ngumu, hata siku ya kufiwa hawaachi kazi. Wenyeji hawawajibu. Anayeshika nyundo ni yule aliyefiwa zaidi, na haulizwi yako wapi machozi yake.

Kozi mpya ilikuja, na rubani mwingine, kijana mwenye adabu ambaye hamchokozi mtu. Skolastika humkazia nati mara mbili.

Kisha kuna asubuhi moja, kabla ya mvua za kwanza, Anselmi alikuwa mezani anakunywa uji na Skolastika anafagia karakana. Hapakuwa na mgonjwa kijijini. Hapakuwa na habari yoyote barabarani. Chungu kikaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha Kresensia. Kilikuwa cha mwanamke mwingine, sauti ambayo Skolastika hakuitambua, au aliitambua kidogo, kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe akiisikia kwenye mashine. Anselmi, kwa mazoea, aliweka kijiko chini. Skolastika alikuwa amekwisha kuishika nyundo.

"Kunywa uji wako," alimwambia. "Hakuna aliyekufa."

Akapiga, akaendelea kupiga, akitazama njiani ni nani atakayekuja kumwambia nani amekufa.